Tafida Ana Sukari

Haya nimeyapata kwa Wadida, mkaza mwana wa Tafida, mwaka jana mwezi wa Baramuda, mwezi wetu wa mavuno, tukiwa tumekaa kizingitini kwangu tunachambua dengu. Alisimulia bila kuinua macho kwenye sinia, nami nayaweka hapa kama alivyoyaweka yeye.

Ilikuwa Jumapili, siku ya kuoka. Tafida alikuwa amekanda unga tangu alfajiri, akafinyanga mikate kumi na minane, kila mmoja juu ya kisahani chake cha udongo, na sasa alikuwa anaipandisha juu ya paa iumuke juani. Mkate wetu hauumuki kwa kitu kingine. Alipanda mara ya kwanza, akashuka kunywa maji. Akapanda mara ya pili, akashuka kunywa maji. Mara ya tatu akakaa katikati ya ngazi, mikate miwili mapajani.

"Wadida," akaita, "niletee kata ya maji, kisha unitazamie huu mguu."

Kwenye kisigino cha kushoto palikuwa na kidonda, si kikubwa kuliko ukucha.

"Nilijikata kwenye miwa," Tafida akasema. "Mwezi wa tatu sasa."

"Miezi mitatu, mama, na husemi? Inuka twende zahanati."

"Na mikate?"

"Mikate haina miguu. Itatungoja."

Zahanatini palikuwa na Daktari Irini, binti wa kaskazini aliyeletwa kwetu kutumikia mwaka wake wa lazima. Akamtoboa Tafida kidole, akatia tone la damu kwenye kimashine chake. Kimashine hakikutoa namba. Kiliandika tu kwamba kipimo kimepita juu.

"Shangazi, una sukari."

"Una macho mazuri wewe, binti yangu," Tafida akasema. "Mimi tangu Ramadhani sijaiona."

Mwaka ule sukari ilikuwa imeadimika. Treni za miwa zilipita mbele ya milango yetu mchana kutwa kuelekea kiwandani, moshi wa kiwanda ulinukia asali mpaka kwenye matandiko, na dukani hapakuwa na hata kijiko kimoja.

"Ni ugonjwa huo, shangazi."

"Najua. Mama yangu alikuwa nayo, na mamake alikuwa nayo. Nakuchekesha tu."

Daktari Irini hakucheka. Alieleza kwamba damu ya Tafida imejaa sukari na mwili hauwezi kuitumia, na kwamba bila sindano za insulini kidonda hakitapona, na mguu utaondoka. Insulini ilitolewa na kamati ya mjini, kwa fomu. Famasi zilikuwa zinasema njoo kesho, na ukienda kesho zinasema vilevile. Kwa hiyo karani wa zahanati, Bwana Fahmi, akajaza fomu. Mahali pa kuandika ugonjwa akaandika kama watu wote wanavyosema huku: Ana sukari. Akapiga muhuri.

Sasa, kulikuwa na amri kwamba kwa sababu ya uhaba, karatasi yoyote yenye neno sukari ianzie ofisi ya ugavi. Tarishi wetu alikuwa mtu mwaminifu. Akaipeleka ofisi ya ugavi.

Kesho yake Wadida alipomwamsha mkwewe aliona weupe kwenye mto. Akaugusa, akaonja. Ilikuwa sukari, punje ndogondogo, safi. Tafida alipojifuta jasho la shingo, kitambaa kilibaki na chenga. Alipopiga chafya, mkono ulibaki na chenga. Wadida akakung'uta shuka juu ya sinia, akapata kikombe kimoja kilichojaa. Akabandika chai.

Mama Hilali, jirani wa ukuta mmoja, alikuja saa nne akiwa na glasi yake mkononi.

"Tafida, chai yangu chungu kama ndimi za mawifi zangu. Nifae."

"Kidole hiki hapa. Koroga mwenyewe."

Mama Hilali akakoroga, akanywa, akasema imekolea.

"Miaka thelathini niliyokaa na marehemu," Tafida akasema, "hakuniambia hata siku moja kwamba mimi ni mtamu. Leo nimepigiwa mpaka muhuri."

"Marehemu alikuwa anakula chumvi nyingi, hakuwa na ulimi."

Wakacheka mpaka Tafida akahitaji maji tena. Tangu siku hiyo uchochoro mzima ulipita kwake asubuhi na alasiri, kila mtu na glasi yake, na hakuna aliyeingia bila kumuuliza hali. Waliketi, wakakoroga, wakamwombea. Lakini kila kikombe kilichotoka kilikuwa kinatoka mahali. Bangili zake, ambazo zamani hazikuvuka kifundo bila sabuni, sasa ziliteleza mpaka kwenye kiwiko.

Jumatano akaja Bwana Zikri wa ofisi ya ugavi, mtu mnene mwenye sauti ya chini, na fomu ya Bwana Fahmi mkononi.

"Hapa panasema una sukari, hajati."

"Ninayo."

Akatazama shuka, akaridhika. Alikuwa amezoea watu wanaokana, wanaoificha chini ya majani ya ng'ombe, na ukweli wa Tafida ulimgusa. Akamweleza kwa upole kwamba kuweka sukari nyingi nyumbani mwaka kama huu ni kosa, lakini yeye hatamwandikia kosa. Atapita kila Jumatano, wamkung'utie shuka, basi. Kwa kadi yake ya ugavi Tafida ataendelea kupata kilo yake ya mwezi kama wananchi wote.

"Lakini daktari amenikataza kula sukari, bwana wangu."

"Kukatazwa ni kwa daktari. Kilo ni haki yako."

Daktari Irini alipoyasikia hayo alifungua friji ya zahanati, akatoa kichupa kimoja cha insulini kilichokuwa kimewekwa kwa dharura, akamfundisha Wadida kuchoma. Nyumbani hakuna friji, kwa hiyo Wadida alikifunga kichupa kwenye kitambaa akakining'iniza ndani ya mtungi wa maji, kwenye ubaridi. Alichoma asubuhi na jioni. Siku ya nne mto uliamka bila weupe. Siku ya saba kidonda kilikuwa kimekauka pembeni, kinawasha kama vinavyowasha vidonda vinavyopona. Siku ya tisa Tafida alipandisha mikate sita juu ya paa peke yake, akasimama huko akawaita majirani wamwone.

"Tunakuona," Mama Hilali akajibu kutoka chini, glasi mkononi. "Hongera. Kwa hiyo chai ndiyo basi?"

"Kunywa na tende, ewe mlafi!"

"Nitakunywa na tende, mwenzangu. Wewe pona."

Jumatano Bwana Zikri akakung'utiwa shuka tupu. Akaomba maji ya kunywa, na kata ilipoingia mtungini ikatoka na kichupa. Akakisoma pande zote, taratibu, midomo ikienda.

"Hiki kinafanya nini?"

"Kinaondoa sukari," Wadida akasema. Ananiambia mpaka leo angetamani ulimi wake ungekuwa umekatika.

Bwana Zikri akasikitika kwelikweli. Akasema kuondoa sukari mwaka wa uhaba kuna sheria yake, na ni sheria mbaya, na kwa sababu anawaheshimu atakichukua tu kichupa, majina yao hatayaandika. Akakifunga kwenye leso yake. Zahanati nayo ikaletewa barua kwamba friji ifungwe. Mto ukaamka mweupe tena, na kidonda kikafunguka.

Daktari Irini akasema kosa ni la neno. Akakaa na Bwana Fahmi, wakaandika fomu mpya, na safari hii hakuna aliyeandika sukari. Waliandika neno la kitabuni: glukosi imezidi katika damu. Wadida akaipeleka mjini mwenyewe, akampa mtu mkononi. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, kutoka ofisi ya ugavi. Lilisema wamemuuliza mfamasia mkuu, naye amethibitisha kwamba glukosi ni sukari tena safi kuliko ya dukani, kwa hiyo mwananchi Tafida amepandishwa daraja. Kuanzia sasa mazao yake yasiende duka la ugavi, yaende hospitali ya mkoa kutiwa kwenye chupa za maji ya wagonjwa.

"Nimepanda cheo," Tafida akawaambia majirani. Alikuwa anaongea amelala. Mguu ulikuwa umepata rangi ya biringani mpaka kwenye kifundo.

Daktari Irini akaandika fomu ya tatu. Aliwaza siku mbili, akaepuka sukari, akaepuka glukosi, akaandika kwamba kongosho la mgonjwa limeacha kazi. Fomu hiyo ofisi ya ugavi hawakuishughulikia, wakaipeleka ofisi ya kazi. Ofisi ya kazi ikajibu upesi kuliko zote: aliyeacha kazi bila taarifa hana madai, na kama Kongosho ana la kusema, afike mwenyewe na kitambulisho.

Wadida anasema Daktari Irini alilia pale pale kwenye meza ya Bwana Fahmi. Machozi yake yalikuwa ya chumvi, kama ya watu.

Mguu ulikatwa hospitali ya mkoa mwanzoni mwa kiangazi, chini kidogo ya goti. Tafida alipozinduka aliona mwanamke wa kitanda cha pili ametundikiwa chupa, na maji yake akayajua mara moja kuwa ni yake.

"Yanakufaa, dada?"

"Yananifaa. Jana sikuweza kukaa, leo nimekaa."

"Alhamdulillahi," Tafida akasema, na Wadida anaapa kwamba alisema kwa moyo mmoja.

Alirudi nyumbani kwa gari la miwa lililokuwa halina miwa, majirani wakampokea kwa vigelegele. Walimtandikia kitanda uani chini ya kivuli, mahali anapoweza kuona ngazi. Sasa Wadida ndiye anayepandisha mikate, na Tafida huwa anamwelekeza kutoka chini: sogeza ule, geuza ule, huo umeufichia jua. Kamati ya mjini haijajibu. Friji ya zahanati bado imefungwa, na Daktari Irini, mwaka wake ulipokwisha, alirudi kwao kaskazini. Alimwachia Bwana Fahmi fomu kumi alizokwisha kutia sahihi, na mahali pa kuandika ugonjwa akapaacha wazi, mtu akipata neno aliandike.

Bwana Zikri alikuja Jumatano ya kwanza. Alileta machungwa, akaketi, akatoa pole, akautazama upande wa kushoto wa kitanda, pale shuka lilipolala bapa. Akafungua kitabu chake.

"Hajati, sisi si wanyama," akasema. "Nimekupunguzia kiwango. Mguu haupo, kwa hiyo sukari ya mguu hatudai."

"Mungu akuzidishie," Tafida akasema.

Akaondoka na alichokikuta. Watu wakala, wakafunika masufuria. Ilikuwa saa ile ya mchana ambapo hata treni ya miwa husimama, dereva akalala chini yake. Mama Hilali alinywa chai yake, akashukuru, akaenda kulala. Uchochoro wote ukalala.

"Wadida."

"Naam, mama."

"Unaniwasha ule wa kushoto. Kisiginoni."

"Haupo, mama."

"Najua haupo. Unawasha."

Wadida akakaa pembeni ya kitanda, akakuna godoro pale ambapo kisigino kingekuwa.

"Chini kidogo. Hapo. Hapo hapo, mwanangu."

Akakuna taratibu, na chini ya kucha akasikia chenga. Akafungua kiganja, akatazama. Ilikuwa sukari, nyeupe, nyingi kuliko ya mwili mzima. Akaangalia mlangoni, hapakuwa na mtu. Akaikung'utia chini, akaisambaza kwa unyayo, na hili hajamwambia Bwana Zikri mpaka leo. Akaendelea kukuna. Baada ya muda pumzi za Tafida zikawa ndefu. Wadida akakuna kidogo zaidi ili ahakikishe amelala, kisha akaweka kichwa pale pale penye nafasi ya mguu, naye akalala.