Upande wa Kulia Unafundishwa Shambani

Maneno yalianzia kwenye bomba la maji la mtaa, huko Nzuguni. Kwamba watoto wanaosoma twisheni kwa Mwalimu Sostenes wanarudi makwao wameinama upande. Siyo kuinama kwa uchovu, wala kwa uzito wa begi. Wamelala kushoto, kuanzia kifundo cha mguu hadi utosini, kama nguzo ya umeme iliyochimbiwa vibaya. Aliyeyaleta alisema kayasikia kwa shoga yake wa Miyuji, na shoga yake kayasikia kwa dereva wa bajaji ambaye siku hizi hapakii wanafunzi hao watatu kwa pamoja, maana bajaji inakata kona yenyewe.

Emiliana alijaza madumu yake akaondoka. Lakini maneno yale yalimganda kama chembe ya mtama iliyojibana kwenye jino. Unapika nayo, unasali nayo, na ulimi unarudi palepale. Binti yake Raheli alikuwa wiki ya pili kwa huyo huyo Mwalimu Sostenes.

Raheli alimaliza kidato cha nne bila kusoma somo lolote la biashara, kisha akataka uhasibu. Chuo alichokitaka kinawapokea watu wa aina hiyo kwa mtihani wa kuingilia, na anayeanguka mara mbili harudi tena. Raheli alishaanguka mara moja. Siku ile alikaa uani hadi kuku wakaingia kulala, na Emiliana tangu hapo aliogopa hata kuulizia mambo ya shule kwa sauti. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba kule Kibakwe, akaja mjini kuuza karanga na mlenda mkavu. Alichokijua kuhusu utunzaji wa hesabu ni kwamba anayeujua anafanya kazi kivulini. Kwa Raheli kivuli kilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa alikuwa na pumu, na siku za upepo wa Dodoma alilala amekaa.

Jioni ile Raheli alirudi akiwa amenyooka. Emiliana alimzungusha pale mlangoni, mbele na nyuma.

"Mama, unatafuta nini?"

"Vumbi."

Kesho yake aliinama kidogo. Keshokutwa maji ya ndoo aliyojitwisha yalimwagikia bega la kushoto. Wiki ilipokwisha, kiatu cha kushoto kilikuwa kimelika soli na cha kulia bado kinang'aa.

Emiliana alivuka kwa jirani yake, Mwanne, fundi cherehani, ambaye mwanawe Nasri alisoma palepale. Mwanne alikuwa keshazoea.

"Wangu nimemshonea suruali, mguu mmoja mfupi," alisema bila kuinua macho kwenye sindano. "Lete sketi ya Raheli nikupandishie pindo la kushoto. Ikiburuza itachanika."

"Na yeye haumwi?"

"Nasri? Anakula kama trekta. Aumwe wapi?"

Emiliana aliipeleka sketi. Halafu akaenda kituoni kwa Mwalimu Sostenes.

Kituo kilikuwa fremu ya duka yenye mabenchi. Vijana walikuwa wamekaa kimya, wote wamelala kushoto kama uwele uliopigwa na upepo, na aliyekaa mwisho wa kila benchi alikuwa amewekewa tofali la kuegemea. Ubaoni palichorwa herufi T kubwa. Chini ya mkono wake wa kushoto pamejaa maandishi. Chini ya mkono wa kulia, peupe.

Mwalimu Sostenes alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alitoka hadi kizingitini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwalimu, mwanangu amelala upande."

"Basi anaendelea vizuri."

Akamweleza kwa upole, kama daktari wa watoto. Katika hesabu za biashara kila jambo lina pande mbili. Kinachoingia kinaandikwa kushoto, ndiyo debiti. Kinachotoka kinaandikwa kulia, ndiyo krediti. Pande zote mbili lazima zilingane, na hapo ndipo mtu anaposimama sawa. Raheli kwa sasa amejaa upande wa debiti.

"Na krediti?"

"Krediti tunafundisha kambini."

"Kambi iko wapi?"

"Shambani kwangu, njia ya Hombolo. Vijana wanapalilia zabibu asubuhi, mchana wanapata upande wa kulia."

"Hapa haufundishiki?"

"Hapa kuna kelele, mama."

Emiliana alisikiliza. Ilisikika feni tu, nayo ilikuwa inazunguka polepole.

"Huyu wangu ana pumu," alisema. "Vumbi la palizi litamuua. Nikija mimi?"

Mwalimu alimtazama mikono. "Palizi ni palizi," akasema. "Njoo na jembe lako."

Raheli alipoambiwa alikataa kwanza. "Mama, utaenda kufanya nini kule? Hiyo krediti hata huijui."

"Nitaijulia hukohuko. Wewe soma upande wako."

Shamba lilikuwa kubwa na lilihitaji mikono. Emiliana alipalilia pamoja na vijana, ukwaju mdomoni ili koo lisikauke. Mchana Mwalimu alisimama mwanzo wa tuta akasoma upande wa kulia kwa sauti, wao wakiendelea kung'oa magugu yaliyobaki. Mtaji. Mauzo. Wadai. Kila neno lilipita sikioni likashuka na kutulia kwenye bega, kama mchele unaoshuka gunia likitikiswa. Vijana, ambao kushoto kwao kulikuwa kumeshajaa, walianza kunyooka kidogo kidogo, na waliponyooka kabisa walirudishwa mjini, magugu yakiwa yamekwisha upande wao. Emiliana kushoto kwake hakukuwa na kitu. Khanga ikawa inamteleza bega la kulia. Alipokwenda kuchota maji mtoni aligundua kwamba njia nzima alikuwa anaegemea upepo usiokuwepo.

Siku ya kuondoka alimfuata Mwalimu chini ya banda.

"Mwalimu, hii krediti si ilikuwa ya Raheli?"

"Ya Raheli, ndiyo."

"Mbona imeniingia mimi?"

"Mama, elimu inamwingia aliyehudhuria." Akampa zabibu kwenye kiroba, za kupeleka nyumbani.

Raheli alimpokea njiani. Mmoja amelala kushoto, mwingine amelala kulia. Wakatazamana, wakasalimiana, Raheli akapokea kiroba. Wapita njia waliwapa pole ya safari.

Jioni walikaa kwenye mkeka kumenya karanga. Kwa bahati tu Emiliana alikaa kushoto kwa mwanawe. Raheli akamlalia yeye, yeye akamlalia Raheli, mabega yakakutana, na wote wawili wakatulia kama mapaa mawili ya nyumba yaliyopigwa msumari. Raheli alikuwa na zoezi magotini.

"Mtu ameanza biashara kwa fedha yake mwenyewe," alisoma. "Kushoto, fedha taslimu."

"Kulia, mtaji," alisema Emiliana, akavunja ganda.

Raheli aliandika. Akasoma jambo la pili, Emiliana akatoa upande wa pili. Wakaenda hivyo zoezi zima. Chini kabisa Raheli akajumlisha, kushoto na kulia vikafanana, naye akachora mistari miwili.

"Urari umekubali," alisema.

"Sasa niache nikasonge ugali."

Emiliana aliponyanyuka, Raheli aliitazama karatasi na upande wa kulia haukumwambia kitu. Emiliana jikoni alijaribu kukumbuka neno alilolitamka sasa hivi. Halikuwepo. Walijaribu kila namna. Raheli alikariri, akaimba, akajiandikia kwenye kiganja. Bega likiachana na bega, kila mmoja alibaki na nusu yake. Kwa hiyo hadi siku ya mtihani walisoma wamegusana, na ugali ulisongwa na Mwanne, ambaye alilalamika kwamba unga wao una mchanga.

"Mwanne, mwenzangu, kwenye chumba cha mtihani itakuwaje?" Emiliana alimwuliza.

"Utaingia naye?"

"Wataniruhusu?"

"Wewe? Na hizo kandambili?"

Emiliana aliazima viatu.

Mtihani ulifanyika kwenye ukumbi mmoja huko Miyuji. Dereva wa bajaji aliwatazama walivyosimama kituo cha bajaji bega kwa bega. "Nyie mmebalansi, pandeni," alisema. Getini kulikuwa na mlinzi, Mzee Matonya, mwenye daftari la majina, na pembeni yake rundo la matofali kwa watahiniwa waliotaka ya kuegemea.

"Mtahiniwa nani hapa?"

"Mimi," alisema Raheli.

"Na wewe mama?"

"Shikamoo. Mimi ni upande wake wa kulia."

"Marahaba." Mzee alipitisha kidole kwenye orodha. "Hapa kuna jina moja."

"Kazi ni moja, mzee. Sisi ndio wawili."

"Naelewa. Lakini mzazi anaishia getini. Wa kushoto apite."

Raheli alichukua tofali lake akaingia. Kabla ya mlango aligeuka, mkono mmoja kifuani, kama anavyofanya pumu ikikaribia. Emiliana alimwonyesha ishara ya kuvuta pumzi taratibu. Alipomwona kupitia dirishani, mwanawe alikuwa amepewa kiti cha pembeni kabisa, kando ya ukuta wa kushoto, naye ameshaulalia.

Emiliana alizunguka nyuma ya ukumbi. Alihesabu madirisha hadi akafika panapostahili, akatazama kule Raheli alikotazama, akaliweka bega lake la kulia ukutani. Ukuta ulikuwa wa moto. Unene wake ulikuwa tofali moja tu.

Alisubiri. Kengele iligonga. Baada ya muda mdomo wake ukafunguka wenyewe: "Mtaji." Kisha kimya. Kisha: "Mauzo." Swali hakulijua na hakulisikia. Hakuwa anamwambia mtu yeyote.

Mzee Matonya alikuja na kiti cha plastiki.

"Mama, kaa kule kwenye kivuli."

"Hapa panatosha."

"Jua hili litakuchoma ubongo."

"Naegemea kidogo tu, mzee."

"Huo ukuta wa watu."

"Sitauchukua. Wadai."

"Nini?"

"Hamna."

Mzee alikitua kiti, akakikalia mwenyewe, akafuta jasho. Alisema kwamba utaratibu unakataza mtu kukaa karibu na madirisha. Emiliana akasema yeye hajakaa. Mzee akatafakari. "Nazunguka ukumbi," alisema mwishoni. "Nikirudi nisikukute." Akaanza kuzunguka. Alitembea kama mtu anayekagua kila tofali, akasimama kufunga kamba ya kiatu, akaenda kuangalia tangi la maji kama lina maji. Aliporudi kengele ya mwisho ilikuwa imeshalia na Emiliana alikuwa getini.

Raheli alifaulu.

Habari ilifika kwa Mwalimu Sostenes kabla haijafika kwa majirani. Jina la Raheli likaandikwa kwa rangi nyekundu kwenye bango la kituo, barabarani, chini ya maneno MATUNDA YETU. Emiliana alikwenda kumwambia lile jina alifute. Mwalimu alimpa kiti na soda.

"Mama, umenifungua macho," alisema. "Vijana walikuwa wanavunja vikonyo vya zabibu. Akina mama wanapalilia safi kabisa. Mhula huu kambi ni ya wazazi."

Kwenye benchi la nje walikuwa wamekaa wanawake na majembe yao. Mwanne alikuwa wa kwanza.

"Mwanne, si unaniona nilivyo?" Emiliana alimwuliza.

"Nakuona. Na bango nimeliona. Pindo la gauni lako nitalipandisha nikirudi."

Raheli alikwenda chuo. Bwenini aliomba kitanda cha ukutani, akapewa. Jumapili alipiga simu. Emiliana aliipokea akiwa kwenye mwimo wa mlango, mahali ambapo bega lake limeshalainisha mbao ikawa nyororo kama mpini wa jembe.

"Mama, tumeanza darasa."

"Pumu?"

"Haijanishika. Mama, wamefundisha pande zote mbili. Asubuhi moja, kabla ya chai."

"Ubao mmoja?"

"Ubao mmoja."

Uani jogoo alimfukuza mwenzake.

"Kwa hiyo umenyooka?"

"Nimenyooka, mama. Hata kitanda nimekisogeza karibu na dirisha, kuna hewa."

"Haya. Ule vizuri."

Alikata simu, akabaki pale kwenye mwimo. Baadaye alikwenda jikoni kwa kushika ukuta, kisha meza, kisha mtungi, kama anavyokwenda mpaka leo.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa twisheni aepuke haya:

Kumwandikisha mtoto kabla ya kuuona ubao. Ukiona upande mmoja una maandishi na mwingine mweupe, mshike mkono mwondoke.

Kukubali neno kambi bila kuuliza kule kambini kumeota nini.

Kumtwisha ndoo mtoto aliyeinama. Mpe dumu, alishike kwa mkono wa kulia.

Kupandisha pindo la sketi. Ukishalipandisha, umekubali.

Kula zabibu za Mwalimu.

Kwenda kupalilia badala ya mwanao, hata kama ana pumu, hata kama ni mara yake ya mwisho.

Na kama ulishakwenda, kukaa katikati ya chumba, mbali na ukuta.