Kona ya Nne

Siwema alikuwa katibu wa kamati ya maji ya kitongoji cha Mlengwe, huko Masanze. Jumanne ile alifika Mikumi saa moja asubuhi kulipokea gari la kuchimba kisima. Alilikuta limeegeshwa kando ya lami, limetoka Iringa na vumbi lake, mnara wa chuma umelazwa juu ya kabini. Dereva, mzee Hussein, alikuwa amesimama karibu na gurudumu akinywa chai kwenye kikombe cha plastiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kunionyesha njia?"

"Ndiyo mimi."

"Karatasi unayo?"

Alikuwa nayo. Mwezi Agosti injinia wa kampuni ya uchimbaji alikuja Mlengwe, Siwema akazunguka naye siku nzima kwa pikipiki. Kutoka barabara kuu ya Kilosa kulikuwa na njia mbili za kuingia kitongojini. Ya kwanza, fupi, ilipita kwenye daraja la magogo lenye kibao cha tani tano. Ya pili ilianzia mbele zaidi, kwenye ghala bovu la pamba, ikapanda kilima na kushukia Mlengwe kwa nyuma. Gari la kuchimba lilikuwa na uzito wa tani ishirini na sita. Injinia akachagua njia ya pili, akaichora kona kwa kona kwenye karatasi na kuigonga muhuri. Siwema alinakili kila kitu kwenye daftari lake.

Mzee Hussein hakuwa mtu wa kuwasha gari tu na kuondoka. Alimpandisha Siwema kabini, akamwonyesha kifaa cha GPS kilichobandikwa juu ya usukani. Njia ilikuwa imeshatumwa humo kutoka ofisini Dar es Salaam.

"Sikanyagi mafuta," alisema, "mpaka hiki kidude na karatasi yako viseme neno moja. Haya, soma."

"Kona ya kwanza, hapa Mikumi, kushoto, barabara ya Kilosa."

"Ipo."

"Ya pili, njiapanda ya kanisani, usikate, nyoosha."

"Ipo."

"Ya tatu, shuleni, nyoosha vilevile."

"Ipo."

"Ya nne, ghala la pamba, kulia."

Kidole cha mzee kikasimama kwenye kioo. "Ghala silioni. Hapa naambiwa nikate kulia kabla ya huko. Halafu kuna maji."

Siwema akainama. Mstari wa buluu ulivuka kijito mahali palepale penye daraja la magogo.

Mzee Hussein akapiga simu ofisini, akaweka sauti ya nje. Aliyepokea alikuwa binti mmoja aitwaye Irine, mwenye kazi ya kupanga safari za magari.

"Shikamoo baba. Hiyo njia imeshaidhinishwa."

"Marahaba. Imeidhinishwa kunitumbukiza mtoni? Daraja la tani tano hilo."

"Mfumo ndio unakokotoa, baba. Mimi nimeweka mwanzo na mwisho tu."

"Basi niache nifuate karatasi ya injinia."

"Ukitoka nje ya njia mita mia tano gari linajizima. Si unajua?"

Alijua. Mwaka uliopita lilimzimikia Gairo, akakaa siku mbili kando ya barabara akisubiri ofisi ilifungulie. Alipokata simu alimsimulia Siwema habari hiyo taratibu, kama mtu anayesimulia ugonjwa wake.

Irine hakuwa na roho mbaya. Aliomba picha za daftari, Siwema akazipiga na kuzituma ukurasa kwa ukurasa. Saa sita mchana kifaa kikalia: njia mpya imefika. Wakaanza upya. Ya kwanza ipo, ya pili ipo, ya tatu ipo.

"Ya nne, ghala la pamba."

"Lipo!" mzee akasema, kisha akaufuata mstari kwa kidole. "Lakini tukifika ghalani tunageuza. Tunarudi kulekule darajani."

Irine akaeleza kwamba barabara ya kilimani haimo kwenye ramani yao. Yeye ameliweka ghala, lakini mfumo umelihesabu kama kituo cha kupumzika na kuendelea na njia uliyoitaka wenyewe. Angeweza kuichora barabara ile kwa mkono, ila lazima bosi wake aikubali, na bosi yuko kwenye semina, simu kaizima.

"Anatoka lini?" Siwema akauliza.

"Kesho, dada. Nadhani kesho."

Mchana ule Mwinshehe, mwenyekiti wa kitongoji, alipiga simu mara nne. Watu walikuwa wameshasafisha eneo. Mama Mwamvua, ambaye uwanja wa kisima uliangukia shambani kwake, alikuwa ameng'oa mahindi yaliyoanza kubeba ili gari lipate pa kugeuzia.

"Gari ni bovu?" Mwinshehe aliuliza.

"Zima kabisa."

"Dereva anaumwa?"

"Haumwi, yuko hapa."

"Sasa mnangoja nini, katibu?"

"Njia," akajibu, na Mwinshehe akadhani mtandao unakatika.

Usiku Siwema alilala kwa dada yake, palepale Mikumi. Jumatano walikaa tena kabini, milango wazi kwa sababu ya joto, malori yakipita kuelekea Morogoro. Saa tisa na nusu alasiri kifaa kikalia kwa mara ya tatu. Walisoma polepole. Ya nne, ghalani kulia: ipo. Ya tano, kupanda kilima: ipo. Ya sita, ya saba, ya nane, zote zipo. Ya tisa ikaishia kwenye shamba la Mama Mwamvua.

Siwema akapiga kofi moja, macho yakamjaa machozi. Mzee Hussein aliendelea kuvuta ramani kwa kidole.

"Kuna nini tena?"

"Kwenda tumepona. Angalia kurudi."

Mstari wa kurudi ulipita darajani.

Siwema alipofungua mdomo alijua anamwomba mtu wa watu kitu gani. "Kurudi ni keshokutwa, mzee. Twende. Tukiwa kule Irine atarekebisha."

"Asiporekebisha?"

"Utakaa kwetu. Tutakulisha."

"Na gari la watu je, nalo mtalilisha?" Alicheka kidogo bila furaha. Kisha akamtazama, akatazama barabara, akavua kofia. "Ngoja nikaswali alasiri. Nikirudi tunaondoka."

Akashuka, akavuka lami kwenda msikitini. Siwema alibaki peke yake kabini. Akampigia Mwinshehe: "Tunakuja." Upande wa pili alisikia mtu akipiga vigelegele.

Bado ana simu sikioni, kifaa kikalia. Akaona mstari wa buluu ukifutika, kona moja baada ya nyingine, kama mtu anayekunja mkeka. Kisha mwingine ukachorwa. Huu haukukata kushoto kwenda Kilosa. Ulinyooka na lami, ukapita Morogoro, ukaishia Dumila. Akagusa kioo kwa kidole. Akagusa tena, kwa nguvu zaidi. Mstari haukusogea.

Mzee Hussein aliporudi, simu yake ilikuwa inaita.

"Baba, samahani sana," Irine alisema. "Mlengwe walipangiwa jana na leo. Siku zao zimekwisha, mfumo umepeleka gari kwenye kituo kinachofuata."

"Ndiyo kwanza tunataka kuondoka!"

"Naona, baba. Nawaona kabisa hapa kwenye ramani. Sina uwezo."

Mzee akashusha simu. Alishika usukani kwa mikono miwili, gari limezimwa. "Mwanangu," alisema, "nikilipeleka kwenu litazima kabla hata ya kanisani. Tutakuwa na chuma tu katikati ya barabara."

"Najua, mzee."

"Nisamehe."

"Huna kosa."

Siwema akashuka, akasimama pembeni. Gari lilichukua muda kuingia barabarani kwa uzito wake, kisha likaenda.

Siku ile Siwema alikosa usafiri, akafika Mlengwe Alhamisi jioni. Watu walikuwa wamekaa kwenye uwanja uliosafishwa, wengi wao kina mama, na Mama Mwamvua amekaa kwenye lundo la mabua. Mwinshehe akasimama.

"Tuambie. Njia ya gari kupita ipo?"

"Ipo."

"Gari lenyewe lipo?"

"Lipo. Limekwenda Dumila."

"Dereva alikataa?"

"Alikubali."

"Ofisi ilikataa?"

Siwema alimfikiria Irine. "Hapana. Nao walikuwa wanatusaidia."

Mwinshehe akageuka kuwatazama watu, kisha akamrudia yeye. Sauti yake haikuwa ya hasira. "Sasa katibu, nani alikataa?"

Siwema alitafuta jina la kuwapa. Mama mmoja akainuka, akachukua ndoo yake. Walikuwa wamekubaliana na wafugaji, akina Kitashu, kwamba ng'ombe wao wataingia kijitoni, wanakochota maji kina mama, jua likishashuka, na jua lilikuwa limeshashuka; kila dakika iliyopita ilikuwa ya tope. Mwingine akamfuata, na mwingine. Mama Mwamvua naye akajipukuta mabua kwenye kanga na kuinuka. Siwema akakumbuka kwamba hata nyumbani kwake hakukuwa na tone tangu Jumanne. Akaazima ndoo, akaenda nao.