Picha Yenye Miguu

Mtaa mzima wa Nyakabiga hakuna mtu anayejua kufunga mdomo kunishinda mimi. Waulize. Ukinipa siri, ni kama umeifunga jiwe ukaitupa Ziwa Tanganyika. Ndiyo maana siku Rénovat alipofukuzwa kazi, wa kwanza kumwendea kumpa pole nilikuwa mimi.

Rénovat mnamjua, hata kama hamjui kwamba mnamjua. Ni ile sauti ya redioni ya kampuni ya juisi: "Kunywa, tulia!" Uso wake ulikuwa kwenye bango la njia ya Ngagara, meno yote nje, chupa mkononi. Watoto wa mtaa walimwita Tulia. Asubuhi hiyo Tulia alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa katika ua wetu, amevaa shati lenye nembo ya kampuni, kwa sababu mengine yote yalikuwa kwenye kamba yakichuruzika maji.

"Wamekata na kadi," aliniambia.

Kadi ya bima. Mke wake, Amandine, alikuwa amerudi kutoka kliniki, mkono kiunoni, tumbo mbele. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa kisu, na daktari alikwishasema wa pili hatakuwa na njia nyingine. Upasuaji ulipangwa Ijumaa. Kule kliniki dada wa mapokezi aliingiza kadi kwenye mashine, mashine ikakataa, akamrudishia bila kumtazama: "Ongeeni na mwajiri."

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Kampuni ilitangaza kwamba ukileta vizibo vya juisi utapewa chupa ya bure. Watu wakajipanga nje ya ghala, upande wa bandarini, na viroba vyao. Rénovat, akiwa dirishani, akampiga picha bibi mmoja aliyeinamia kiroba, pua yake karibu iguse vizibo. Chini akaandika: "Mbwa hunusa mfupa, mteja wetu hunusa kizibo."

Maneno hayakuwa yake. Mkurugenzi ndiye aliyeyasema mkutanoni, meza nzima ikacheka, na Rénovat akacheka kuliko wote, maana kucheka nako kulikuwa ndani ya mshahara. Lakini kuyaandika aliyaandika yeye, akayaweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp, waone marafiki wachache tu. Kisha woga ukamshika, akafuta kila kitu kabla chai yake haijapoa.

Alikuwa amechelewa. Jioni picha ilikuwa kwenye kila simu ya Bujumbura, imekatwa magotini, sijui na nani. Watu walimwaga juisi barabarani huku wakijirekodi. Kampuni ikatoa tangazo kwamba inawaheshimu wateja wake wote, na kwamba Rénovat si mfanyakazi wake tena.

Alipopiga simu kuomba msamaha, mkuu wa wafanyakazi alimjibu: "Mlete huyo mama mwenyewe aseme amekusamehe. Tutaona."

Tulikwenda mtaa wa Buyenzi, tulikoambiwa bibi anakaa, kwa miguu, mafuta yalikuwa yamekosekana tena. Jua lilitupiga, watu walimtambua, mmoja akabweka. Rénovat hakugeuka. Tuliuliza hapa, tukauliza pale, mpaka tukamkuta bibi wa picha, Bi Raihana, sokoni nyuma ya sinia la ndagala wakavu, vile visamaki vya ziwani.

"Ni we Tulia?" bibi alikaza macho. "Redioni uko munene."

"Bibi, nilikukosea. Niliandika maneno mabaya juu yako."

"Watoto wa hapa walinionyesha." Alifukuza nzi. "Mi macho yangu imechoka, mwanangu. Mifuko ya vizibo natoa kwenye maharusi, vimechanganyika. Vya bia munavikataa, na mi mwenyewe sitaki kuvibeba. Sasa kama sinusi, nitajuaje?"

Rénovat aliifunika nembo ya shati lake kwa kiganja.

"Kuitwa mbwa, nimezoea," bibi aliendelea. "Lakini chupa yenu imepungua, bei imepanda. Kwa ile hakuna mutu amefukuzwa?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hata bei mpya tulitangaziwa na sauti hiyo hiyo, kwa furaha kama mtu anayetualika harusini. Rénovat alikumbuka pia, nadhani, maana alikimbilia habari za Amandine. Nikamalizia mimi: kisu, Ijumaa, kadi.

Bi Raihana alifunika ndagala kwa kitenge, akamwachia jirani yake.

"Twende. Mutoto hakuandika kitu."

Kwenye geti la kampuni tangazo la heshima lilikuwa limebandikwa, kubwa, kwa rangi tatu. Chini yake alisimama Melchior, mlinzi.

"Bibi, hapa hawanunui ndagala."

"Sikuja kuuza. Nimekuja kusamehe."

"Wamekupa saa? Uko na randevu?"

"Ya kusamehe?"

Melchior alimwonea haya Rénovat, ambaye zamani alikuwa akimletea juisi. Akapiga simu ndani, akasikiliza, akakata, akamgeukia Rénovat. "Mukubwa, wanasema dosiye yako imefungwa, mambo yameisha. Unisamehe, mi natumwa tu."

Geti likafunguka, lakini si kwa ajili yetu. Gari la matangazo lilitoka, na kwenye spika kijana mwingine, sauti mpya kabisa, akapiga kelele: "Kunywa, tulia!" Nyuma yake gari la mkurugenzi. Rénovat alipiga hatua, akafungua mdomo. Kioo cha gari kilichokuwa nusu wazi kikapanda juu. Geti likafungwa, na sisi tukabaki na vumbi.

"Sikumwambia," alisema Rénovat. "Maneno ni yake, na sikumwambia."

Bi Raihana alikaa kwenye ukingo wa mtaro. "Basi mi nakusamehe hapa hapa barabarani, Mungu ameona. Na hiyo picha nionyeshe vizuri. Ile siku sokoni jua lilikuwa kali."

Rénovat hakuwa nayo tena. Mimi, msaidizi wa watu, nilikuwa nimeshachomoa simu, nikaitafuta, nikampa bibi. Aliisogeza karibu na pua, kama vizibo vyake. Akacheka.

"Hii nzuri! Hii yako iko na miguu. Ile ya soko walinikata magoti. Angalia ndara zangu: moja nyekundu, moja bluu."

Rénovat akainama. Aliziangalia zile ndara kwa muda mrefu. Picha nzima, yenye miguu, ilikaa kwenye stetasi yake tu, muda wa chai kupoa.

"We uliipata kwa nani?" aliniuliza polepole, kwa sauti ambayo redio haijawahi kuisikia.

Mdomo wangu, ule hodari, ukafungika.

Bi Raihana alinitazama mimi, akalitazama geti, akamgeukia Rénovat.

"Na huyu," alisema, "tumusamehe naye hapa barabarani, ao yeye watamufungulia geti?"