Maksai wa Pili wa Kornel

Mvua za kwanza ziliponyesha kijijini Kate, Kornel alitoa nira asubuhi akakuta maksai wake wa pili amekuwa mrefu kuliko nyumba. Jana yake alikuwa anatoshana na mbuzi. Maksai wa kwanza, ng'ombe wa kawaida aliyezaliwa na ng'ombe, alisimama pembeni akicheua.

"Leo tena?" aliuliza mkewe, Kristiana.

"Leo kapanda."

Maksai huyo hakununuliwa mnadani. Kornel alikuwa na akiba ya kununulia dume, lakini kila akifika mnadani anakuta fedha yake inatosha bei ya mwaka uliopita. Mpwa wake Vitus, mwenye kibanda cha simu Milanzi, akamshauri aiweke kwenye sarafu za mtandaoni. Akaiweka, na kesho yake maksai alikuwa zizini, na pembe zake. Hakula majani wala hakuacha samadi. Hilo la samadi lilimuudhi sana Kristiana.

Kornel alimpigia simu Vitus.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Huyu mnyama wako vipi?"

"Ni hivi, mjomba. Shilingi ikipungua nguvu, watu wanakimbilia huku. Wakiingia wengi, anapanda. Wakitoka, anashuka."

"Mimi nataka atoshane na mwenzake, basi. Nira inakaa upande."

"Hapo sasa," alisema Vitus.

Kornel hakuelewa. Redio ikatangaza kwamba mbolea imepanda, mafuta yamepanda, sukari imepanda. Usiku huohuo maksai akashuka hadi akawa kama kuku. Sasa kila kitu kimepanda, yeye kashuka kwa nini? Jamani, hata aliyesoma angechoka. Mahindi ya majirani yalikuwa yameshaota. Shamba lao bado lilikuwa gumu, na wasipolilima, mwaka ule watalala njaa.

Kristiana ndiye aliyesema. "Kama anakua watu wakiingia, basi aingie mtu."

Aliyekuwa na fedha mkononi ni Rozina, mdogo wake Kristiana, mjane, na fedha yenyewe ilikuwa ya mbolea. Kornel akaenda kuongea naye. Aliongea vizuri. Alimweleza yote aliyoambiwa na Vitus, isipokuwa lile la kutoka.

Rozina akaingia na fedha yake jioni. Asubuhi maksai wa Kornel alikuwa sawasawa na mwenzake, na nira ikakaa vizuri. Walilima hadi shamba likaisha. Kisha Kornel akatoa fedha yake yote kwenye sarafu anunue mbegu, na maksai hakuonekana tena zizini.

Rozina alikuja na beseni.

"Shemeji, wangu nimemkuta hivi."

Ndani ya beseni alisimama maksai mwenye ukubwa wa panzi, hana kasoro yoyote. Kornel aliona haya, kweli aliona haya.

"Atakua," alisema. "Akiingia mtu."

Rozina alifikiri kidogo. Akamfunika maksai wake kwa kitenge, maana kulikuwa na baridi, akauliza kama gari la kwenda Mwimbi limeshapita. Kaka yake wa huko alikuwa ameuza ulezi wiki ile.

Kristiana, ambaye kaka huyo ni wake pia, alimwambia bado halijapita, ila afanye haraka.