Kaunta ya Glavu

Katika duka la nguo la Pennifold, mjini Exeter, kaunta ya glavu ndiyo iliyokuwa mahali pekee ambapo msichana aliruhusiwa kumshika mwanamume mkono mbele ya watu. Mteja aliweka kiwiko juu ya mto mdogo, nami nikamvisha kidole kimoja kimoja, taratibu, maana ngozi mpya ni kaidi. Kazi hiyo niliifanya miaka saba bila moyo kudunda hata mara moja.

Mwenzangu Hester Tuckett alikuwa upande wa pili, kwenye nguo za ndani za kike, ambako mwanamume hakanyagi. Tulitoka kijiji kimoja. Wafanyakazi tulilazwa ghorofa ya juu ya duka, na sisi wawili tulipewa kitanda kimoja. Miguu yake ilikuwa barafu tupu, lakini nilishaizoea.

Kila Jumapili tulitolewa nje baada ya chai ya asubuhi mpaka usiku, tajiri asilazimike kutulisha. Ndipo Hester alipoanza kutembea bustanini na Silas Yeo wa mazulia. Mapenzi ni kikohozi. Haikupita wiki ya tatu msimamizi wetu, Bwana Crocker, alishapata habari. Silas akafukuzwa, Hester akaonywa.

Mwezi mmoja baadaye, siku ya Ijumaa, Silas akaingia kama mteja. Crocker alimkazia macho, lakini mteja ni mteja.

"Glavu za kahawia," Silas akasema, akaweka kiwiko. Nilipoinama kuvuta kidole gumba, akaninong'oneza: "Dada Lavinia, nimepata kazi Kanada. Tiketi ninazo mbili. Mwambie Hester treni ni keshokutwa, Jumapili, saa nne asubuhi. Asipokuja nitajua amekataa, sitamsumbua tena."

"Kwa nini hukumwandikia?"

"Nimeandika barua nne. Si Crocker anazizuia?"

"Basi tuliza mkono, utapasua mshono. Bwana harusi gani anatetemeka hivi?"

Akacheka. Alilipa, akaondoka na glavu zake mkononi.

Wakati wa chai Hester alinivuta nyuma ya ngazi, uso umemwiva. "Nimemwona. Kasema nini?"

Nikamtazama. Niliona nitabaki peke yangu katika nyumba ile, na Crocker wake na uji wake wa maji, wala hakuna atakayeniuliza habari za kwetu. Nilishikwa na wivu, sifichi.

"Kasema zinambana," nikamjibu. "Nikampa kubwa kidogo."

"Basi?"

"Basi."

Jumapili saa nne tulikuwa bustanini tukila matofaa. Treni ikapiga mluzi kule stesheni. Hester hakugeuza hata shingo. Alijiegemeza begani mwangu, akasema, "Afadhali nina wewe, Lavinia. Wanaume wote ni upepo."

Nikampa nusu ya tofaa langu.