Mboga za Shangazi Rodanthi

Miaka thelathini na moja nimeuza mboga za porini kwenye gulio la Jumamosi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kufungua fungu langu kulikagua. Kwa muuza viazi watu huminya, hunusa, hurudisha, hununa. Kwangu hulipa wakaenda. Anayenunua majani ya porini ananunua macho ya aliyeyachuma, maana watu wetu wa mjini hapa Krete hawajui tena kutofautisha jani na jani. Wanachojua ni kwamba kati ya mayai ya Evanthia na machungwa ya Manusos amekaa Shangazi Rodanthi, na chake kinalika. Nilijivunia hilo kuliko nilivyojivunia ndoa yangu, na marehemu Stratis alilijua.

Macho yenyewe yalikuwa yameanza kunitupa mkono. Tangu kiangazi kilichopita kila kitu nilikiona kupitia ukungu, asubuhi zaidi. Sikumwambia mtu. Aliyegundua ni Stamatia, mke wa mwanangu Nikiforos. Nikiforos yuko melini miezi minane kwa mwaka, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, tukipishana jikoni.

"Mama, twende kwa daktari wa macho," aliniambia. "Siku hizi ni kazi ya nusu saa, unarudi nyumbani siku hiyohiyo."

"Macho yangu yana nini?"

"Jana umefukuza mfuko wa plastiki ukidhani ni paka."

"Ulikuwa umekaa kipaka paka."

"Haya. Basi niache nikae nawe ukichambua mboga. Unionyeshe tu, nami nitazame."

"Wewe? Mtu wa Athene? Si wewe uliyeniuliza kama shamari ni bizari? Nenda kaangalie simu yako, mwanangu."

Alikuwa na miaka minne kwetu na sikuwa nimempa neno moja zuri. Si kwamba alikuwa mbaya. Alikuwa mgeni, na mimi sina haraka na wageni.

Ijumaa ile ya Februari ilinibidi nishuke bondeni, karibu na mto, mahali ambapo kwa kawaida sichumi. Jirani yangu alikuwa amepiga dawa ya magugu chini ya mizeituni yake mpaka kwenye mpaka wetu, nami siuzi sumu ya dukani. Nilijaza gunia moja kutoka juu, pale ambapo dawa haikufika, na la pili kutoka bondeni, majani mapana ya kuchemsha, yamenona kwa mvua. Jioni nikayachambua peke yangu mezani. Stamatia alipita mara mbili, akasimama mlangoni, nikamgeuzia mgongo.

Jumamosi jua lilitoka, na gulio lilijaa. Manusos alikuwa na kile kipaza sauti chake, amepanda nyuma ya pikapu.

"Machungwaaa! Matamu kuliko mke wa jirani! Msimwambie jirani!"

"Jirani yako ni mimi, mjinga wewe," Evanthia akamjibu kutoka kwenye mayai yake, "na mimi sina mke."

"Ndiyo maana una sura ya ndimu, Evanthia! Njoo uonje chungwa!"

Nilicheka nao. Gunia la juu liliisha mapema, nikafungua la bondeni, nikauza mafungu sita. Saa nne na nusu niliinama kukung'uta gunia nipate kulikunja, na shina moja lilikuwa limebaki chini kabisa, limeng'ang'ania nyuzi. Nikalitoa. Kwa macho lilikuwa jani pana la kijani, kama mengine. Lakini harufu yake ilipanda puani, nzito, ya kitu kilichovundia mahali pasipo hewa.

Lilikuwa mandragora. Mama yangu hakulitaja hata kwa jina, alisema "lile", na aliniambia nikiligusa ninawe mikono kabla sijagusa uso wa mtu. Kulichemsha hakulipunguzi makali. Linakausha kinywa, linafungua mboni za macho, linamfanya mtu aongee na wasiokuwepo, na mtoto au mzee linaweza kumzika.

Nilinusa vidole vyangu. Harufu ilikuwepo kwenye vyote kumi. Kwa hiyo halikuwa shina moja.

Saa nne na nusu. Saa sita watu wanabandika sufuria. Mafungu sita, nyumba sita, na mimi nimekaa kwenye kiti changu nikiwaza kwanza, Mungu anisamehe, jambo lisilostahili. Niliwaza kwamba nikifungua mdomo tu, Shangazi Rodanthi amekwisha. Niliwaza hivyo kwa muda wa kutosha kuwahudumia wateja wawili, na sikuwahudumia, nilikaa tu. Kisha nikasimama.

"Manusos! Lete hicho kipaza sauti!"

"Unataka kuniimbia, Shangazi?"

"Nimeuza sumu. Tangaza. Walionunua mboga kwangu baada ya saa tatu wasile. Tangaza!"

Alinitazama akidhani ni utani wa gulio. Alipoona sicheki, uso wake ulibadilika, akatangaza. Sauti iliyokuwa ikiita machungwa ikaita jina langu na neno sumu kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine, na gulio zima likanyamaza. Sijawahi kusikia gulio limenyamaza. Watu wakaanza kunizunguka, wengine wakimwaga vikapu vyao chini hapohapo.

"Rodanthi!" Evanthia alinishika mkono. "Wewe? Wewe, miaka yote hii? Imekuwaje?"

Nyuso zilikuwa nyingi, na kila uso ulikuwa wa mtu aliyewahi kula kutoka mkononi mwangu. Nilifungua mdomo kusema ni macho yangu.

"Sikuchuma mimi," nikasema. "Ni Stamatia. Goti lilikuwa linaniuma, nikamtuma yeye."

Lilitoka hivyo, laini, kana kwamba lilikuwa tayari limekaa ulimini likingoja. Na watu wakapumua. Niliwaona wakipumua.

"Nilijua tu," mtu mmoja akasema. "Mtu wa Athene!"

"Pole, Shangazi. Umtume mtoto wa lami kwenda bondeni!"

Wanunuzi wanne walikuwa bado palepale gulioni. Wa tano alikuwa Garifalia, mke wa padri. Evanthia alimpigia simu, akamkuta sufuria iko motoni, naye Garifalia akaimwaga kwenye sinki huku tukisikia. Akabaki mmoja, Mzee Polihronis, anayekaa peke yake juu kwenye kinu cha zamani. Hana simu, na hula mapema kwa sababu huamka na kuku.

Evanthia alikuwa pia amempigia Stamatia. Alifika na gari lake dogo, nywele hazijachanwa, na kabla hajafungua mlango vizuri Manusos alishamrukia.

"Umefurahi sasa? Umetaka kutuua?"

"Mimi?"

"Wewe uliyechuma, nani mwingine? Mama mkwe wako katuambia!"

Stamatia alinitazama. Macho yangu ni mabovu, lakini uso ule niliuona vizuri. Nilingoja aseme. Alikuwa na haki, na mashahidi angepata, maana Ijumaa yote alikuwa dukani anakofanya kazi.

"Nani bado hajapatikana?" akauliza.

"Polihronis," nikasema.

"Ingia, Mama."

Njiani alipigia simu gari la wagonjwa, akalielekeza. Mimi niliomba. Nilimwambia Bikira Maria nitafanya chochote, nitasema kila kitu, mradi mzee awe bado hajala. Nilikuwa nikimaanisha kila neno.

Alikuwa amekula. Sahani ilikuwa mezani, mafuta na limau vimebaki chini yake. Polihronis alikuwa amekaa kitandani na viatu, uso mwekundu, midomo imekauka, akichuma vitu hewani kwa vidole viwili na kuvitia mfukoni. Mboni za macho zilikuwa zimejaa jicho zima.

"Umechelewa, Aristea," akamwambia Stamatia. Aristea ni mkewe, tulimzika zamani. "Mbuzi wameingia kwenye kunde."

"Nimekuja," Stamatia akamjibu, akakaa kando yake, akamshika mikono yote miwili. "Nimewatoa. Usijali."

"Wote?"

"Wote, mume wangu. Tulia."

Akakaa naye hivyo, akimjibu habari za mbuzi ambao hakuwahi kuwaona, mpaka gari la wagonjwa likapanda mlima. Mimi nilisimama karibu na sahani ile. Sikuthubutu kumsogelea.

Hospitalini walimwosha tumbo, wakamfunga mikono asijidhuru. Daktari alisema moyo unakwenda mbio na kwamba usiku ule ndio utakaoamua. Tulikaa kwenye benchi la korido. Mchana ule ule alikuja polisi kijana, mpole, na daftari.

"Nimeambiwa mboga zilichumwa na Bi Stamatia. Ni wewe?"

Stamatia hakumjibu. Alinigeukia mimi, akangoja. Hakukasirika, hakunikonyeza, alingoja tu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Polisi naye alingoja. Nilikuwa na neno lote kinywani. Ilikuwa kusema tu: macho yangu, kijana, macho yangu na ukaidi wangu. Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa na tope la bondeni.

"Ndiyo," Stamatia akasema. "Ni mimi."

Polisi akaandika.

Polihronis alipona. Siku ya tatu aliomba raki, ile pombe yetu kali, wakajua amerudi. Nilimshukuru Bikira kwa mshumaa mrefu kuliko mimi, na kuhusu sehemu yangu ya ahadi nikamwambia anipe muda.

Tukirudi nyumbani siku hiyo nilimwambia Stamatia, "Umefanya jambo kubwa kwa ajili yangu."

"Sijafanya kwa ajili yako, Mama." Alikuwa akiendesha, hakunitazama. "Nilikungoja useme. Nilipoona husemi, aibu ikanishika mimi, nikataka tu kile kimya kiishe."

Tulipofika kona ya nyumba akaongeza, "Kuanzia leo hakuna jani linalotoka bila kupita machoni kwangu. Ukikataa, nakwenda kituoni kesho asubuhi."

Sikukataa. Siku zilizobaki za wiki nilimfundisha, na ni aibu kusema jinsi alivyofundishika. Mimi kwa kidole na pua, yeye kwa macho. Ijumaa tulikaa mezani wote wawili, na katika rundo nililokwisha kulipitisha mimi akatoa shina moja, kisha lingine, kisha la tatu. Aliyaweka tu pembeni mbele yangu ili niyanuse. Niliyanusa.

Yeye mjini hawezi kukanyaga. Duka limemwambia apumzike kwanza. Mwanamke mmoja alimtemea mate mlangoni pa duka la mikate, na mtu ameandika neno kwenye kioo cha gari. Nikiforos alipiga simu kutoka baharini, nikamsikia mkewe kupitia ukuta akimwambia mambo ni shwari. Jumamosi Stamatia alinishusha mitaa miwili kabla ya gulio, akanipa gunia, akageuza gari.

Nilidhani nitakaa peke yangu siku nzima. Walikuja wengi kuliko siku zote. Walinishika mkono, wakaniletea jibini na mkate. Evanthia alinifutia kiti.

"Pole, Shangazi. Kumbe ulikuwa unaishi na balaa nyumbani."

"Mungu alikuonyesha mapema."

"Mfukuze, mwanao atapata mwingine, wa huku huku."

Nikapokea pole zote. Kila pole ilinichoma, na kila moja niliipokea.

Garifalia, mke wa padri, alikuwa wa nne kwenye mstari. Alisimama mbele ya meza yangu bila kunyoosha mkono.

"Nataka mafungu mawili," akasema, "maana watoto wangu hawali mboga za mtu mwingine. Lakini unajua yaliyonipata. Niapie kwanza, Rodanthi. Niapie kwamba yule mwanamke hajayagusa haya."

Manusos akashusha kipaza sauti chake. Nilitazama majani yaliyokuwa mbele yangu, ukungu wa kijani tu, na nilijua kwamba hakuna hata moja ambalo Stamatia hakuligeuza mara mbili, na kwamba kwa sababu hiyo tu watoto wa Garifalia wangelala salama. Ningeweza kusema. Watu wote niliotaka wasikie walikuwa pale, wametega masikio.

"Hajagusa hata jani moja," nikasema. "Naapa kwa kaburi la Stratis."

Garifalia akafanya ishara ya msalaba, akachukua mafungu yake, akaniombea baraka za Mungu mbele ya watu wote, nami nikaitikia amina.