Sauti ya Kukatikakatika

Dereva wa winchi aliingia kwenye chumba cha kupimia masikio akimwomba Mungu kimoyomoyo. Majibu ya vipimo viwili vilivyotangulia hayakufanana hata kidogo, na bosi alishasema: yakiyumba tena, hapandi winchi.

"Mzee, ukisikia sauti ndiyo ubonyeze kitufe hiki," mpimaji alimwambia, akimvisha hedifoni nzito.

"Atasikia wapi huyu?" mkewe alidakia kutoka mlangoni. "Mimi namwita mpaka majirani wanaitika!"

Mlango ukafungwa. Akabonyeza, akabonyeza tena. Ghafla mpimaji akaingia, amekunja uso.

"Mzee, hapo sikukupa sauti yoyote."

"Mbona nimeisikia? Nyembamba, haikatiki."

"Hata nyumbani huwa unaisikia?"

Mlio ule dereva alikuwa nao miaka mingi, na hakuwahi kumwambia mtu, akihofia kunyang'anywa kazi.

"Upo," alisema. "Haulali."

"Baba watoto!" Mkewe, aliyeingia nyuma ya mpimaji, hakuwa anacheka tena. "Na mimi pia ukanificha?"

Mpimaji hakumlaumu. Alimvua dereva hedifoni, akalibonyeza sikio lake kwa kidole. "Na hedifoni hii inakubana. Sikio lako limelegea. Likikandamizwa, tundu linajifunga. Leo inakaa hivi, kesho vile, ndiyo maana majibu yanaruka."

Akachukua vipande viwili vya sponji vyenye mirija ya kupitishia sauti, akaviminya na kuvipenyeza masikioni. Vikatanuka taratibu, vikaacha matundu wazi.

"Na sauti sitakupa ya mfululizo. Itakatikakatika, pi-pi-pi. Isiyokatika ni ya kwako, iache ipite."

Pi-pi-pi. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Walimaliza, wakavitoa vile vipande, wakavirudisha, wakapima upya. Majibu yakalingana.

"Sikufichi, sauti nyembamba zimepungua," mpimaji alisema. "Lakini honi na maneno unapata vizuri. Bosi wako nitamwandikia hivyo hivyo: kazi unaiweza. Huo mlio nao, urudi tuuangalie."

Dereva akainamisha kichwa palepale kitini na kumshukuru Mungu. Mpimaji akamsubiri, mikono mapajani, hadi aliposema amina.

"Binti yangu, Mungu akuzidishie. Nilidhani ukiujua huu mlio utanishusha kwenye winchi."

"Nisingeujua ndiyo ungeshushwa, mzee."

Mkewe akamshika mkono, wakatoka pamoja.